Baridi ya pikipiki: upepo una hatia gani?

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua kutoka kwa msomaji wa ukurasa huu anayeendesha bodaboda upande wa Keroka. Anaeleza kwamba huamka saa kumi alfajiri ili awachukue akina mama wanaopeleka mboga na ndizi katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Tangu mwezi wa Juni kifua kinambana, magoti yanamuuma na vidole vinakufa ganzi kabla hajafika nusu ya safari. Mama yake anamsihi aiache kazi hiyo upepo usije ukamjaza maji mapafuni. Wenzake wa kituoni wanamshauri apige glasi moja ya kitu kikali kabla ya kutoka. Naye anauliza: nimsikilize nani?

Kwanza nampongeza kwa kuuliza kabla ya kunywa. Pili, swali lake si lake peke yake. Katika zahanati ninayofanyia kazi mjini Kisii, kuanzia Juni hadi Agosti haipiti siku nisipomwona kijana wa pikipiki aliyeshika kifua akisema, "Daktari, ni upepo." Baadhi yao ni upepo kweli. Wengine si upepo hata kidogo, na hao ndio walionifanya nichukue kalamu leo.

Kule Ulaya wako watu wenye magari ya michezo yenye paa la kukunja, nao hujisifu kuyaendesha paa likiwa wazi hata theluji ikianguka. Lakini mtu yule ana hita inayompuliza miguuni, kioo kinachomkinga mbele, koti zito, na akichoka na mchezo wake hubonyeza kidude paa likafunga. Sisi gari letu lisilo na paa ni pikipiki. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo zisizofikia cc 250, limekuwa gari la kila kijiji kuanzia Suneka hadi Nyansiongo. Halina hita, halina kioo, na anayeliendesha halifanyii mchezo.

Baridi yetu ni ya namna gani?

Mgeni kutoka Mombasa akisikia daktari wa Kisii anazungumzia baridi huenda akafikiri natia chumvi, kwa maana tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Lakini mji wa Kisii uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kiabonyoru katika Nyamira vinapita mita 2,000. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ukungu wa asubuhi katika mashamba ya majani chai tunaujua sote.

Mwili wa binadamu hujitengenezea joto na kulihifadhi karibu nyuzi 37. Hewa inayogusa ngozi hupata joto kidogo na kukaa hapo kama blanketi jembamba lisiloonekana. Pikipiki ikianza kukimbia, upepo hulipeperusha blanketi hilo, mwili ukaanza kutengeneza jingine, nalo likapeperushwa tena, hivyo hivyo kilomita baada ya kilomita. Kwa kipimo kinachotumiwa na idara za hali ya hewa za Marekani na Kanada, hewa ya nyuzi 10 ikikupiga kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa huipoza ngozi kama hewa ya nyuzi 5. Huo ni ubaridi unaokaribia ule wa ndani ya jokofu. Na hiyo ni ngozi iliyo kavu. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo aliyenyeshewa Kebirigo akaendelea na safari hadi Kisii bila kubadili shati amejiweka katika hali nyingine kabisa.

Mwili una akili zake. Ukiona joto linapotea, huibana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Ndiyo maana vidole hupauka, vikauma, kisha vikafa ganzi. Ngozi ya vidole ikipoa hadi nyuzi 15 hivi, wepesi wa mkono hupungua sana. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo, na wala haihusu kifua. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kwa sekunde moja. Kidole kilichokufa ganzi kikichelewa nusu sekunde kukamata breki, umekwenda mita 8 zaidi. Mita 8 kwenye barabara ya Keroka, penye ukungu na lori la majani chai limesimama mbele, ni nyingi mno. Ninawaona wengi zaidi walioumizwa na vidole baridi kuliko walioumizwa na mapafu baridi, ila hao hawaji wakisema "ni upepo"; huletwa wamelazwa nyuma ya gari.

Je, upepo huleta nimonia?

Sasa tuje kwa mama yake kijana wetu. Nimonia ni ugonjwa wa viini, yaani bakteria na virusi, vinavyoingia ndani kabisa ya mapafu na kusababisha vile vifuko vidogo vya hewa vijae usaha na majimaji. Kwa hiyo mama hakukosea aliposema kuna maji mapafuni. Alichokosea ni mlango yalikopitia. Hayasukumwi ndani na upepo kupitia kifuani. Mtu anaweza kuendesha pikipiki kifua wazi kutoka Nyamira hadi Kilgoris, na kama hana viini hivyo, atafika akitetemeka bila nimonia.

Hata hivyo baridi si malaika. Hewa baridi na kavu huidhoofisha kidogo kinga ya pua na koo. Mwenye pumu njia zake za hewa hubana anapovuta hewa ya namna hiyo kwa nguvu, na huyo hahitaji kiini chochote ili aanze kukoroma kifuani. Na kubwa zaidi, baridi hutusukuma ndani: madirisha yamefungwa, watu sita chumba kimoja, matatu imejaa hadi mlangoni na vioo vyote juu kwa kuwa kuna mzee anayelalamikia upepo. Hapo mmoja akikohoa, wote wamevuta. Nitasema jambo litakalowashangaza wengine: kwa upande wa viini vya kifua, abiria aliye nyuma ya pikipiki amekaa mahali salama kuliko aliye ndani ya matatu iliyofungwa vioo.

Dalili za nimonia si kubanwa kifua tu. Mtazame mgonjwa: ana homa, anakohoa, anapumua upesi upesi, na mara nyingi anahisi kichomi upande mmoja kila akivuta pumzi. Kwa mtoto hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, na ana kikohozi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila akivuta hewa, usingoje asubuhi. Chanjo dhidi ya mojawapo ya bakteria wakuu wa nimonia hutolewa kwa watoto wetu nchini tangu mwaka 2011, kwa hiyo angalieni kadi ya kliniki.

Kijana aliyelaumu upepo

Miaka michache iliyopita alinijia kijana wa miaka 26 hivi, mwendeshaji wa pikipiki, amevaa makoti mawili na kipande cha katoni kifuani. Alikuwa amekohoa miezi mitatu. Kila mwezi alikwenda duka la dawa, akasema "nimepigwa na upepo," akauziwa tembe za viuavijasumu za siku tatu au nne, akahisi nafuu kidogo, akarudi barabarani. Hakuna aliyemuuliza kama anatokwa na jasho usiku. Alikuwa anatokwa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mkanda wake umetobolewa matundu mawili mapya. Nilipomwomba makohozi yapimwe alikasirika, akaniambia, "Daktari, mimi si mgonjwa wa TB. Mimi nafanya kazi ya upepo."

Majibu yalirudi: kifua kikuu. Mkewe na mtoto wao wa miaka miwili, waliolala naye chumba kimoja kwa miezi hiyo yote mitatu, tukawapima pia. Mtoto alikuwa ameambukizwa.

Wote watatu wako hai, na yeye bado anaendesha pikipiki. Lakini ninapowaza miezi ile mitatu ndipo ninapochoka na neno "upepo". Upepo ni mshtakiwa rahisi kwa sababu hauwezi kujitetea. Mtu akishaamini kazi yake ndiyo iliyompa kikohozi, hatafuti sababu nyingine. Anaongeza koti.

Basi kanuni ni hii, na ikatwe ibandikwe kituoni: kikohozi kikipita wiki mbili, hata kama wewe ni dereva, hata kama ni Julai, makohozi yapimwe. Hospitali na vituo vya afya vya serikali hutoa dawa za kifua kikuu bila malipo, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Usiende kununua viuavijasumu vya siku tatu. Vinaweza kukupa nafuu ya uongo, huku viini vikizoea dawa. Ukiwa na jasho la usiku, unapungua uzito au unakohoa damu, wiki mbili hizo usizingoje.

Homa yenye kutetemeka

Kuna mshtakiwa mwingine anayejificha nyuma ya baridi. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira zilijulikana sana katika miaka ya 1990 kwa milipuko ya malaria, hasa mvua ya masika ilipokuwa ikipungua, Mei hadi Julai. Yaani ni miezi ile ile ya baridi. Wakazi wa milimani hawana ile kinga kiasi anayoipata mtu aliyekulia kando ya ziwa akiumwa na mbu tangu utotoni, kwa hiyo malaria ikiwapata huwaangusha vibaya.

Mwendeshaji bodaboda humpeleka abiria Oyugis au Kendu Bay, giza likamkuta, akalala huko bila chandarua. Siku kumi au kumi na tano baadaye anatetemeka meno yakigongana. Anakumbuka mvua iliyomnyeshea jana, hakumbuki mbu wa wiki mbili zilizopita. Anajifunika blanketi, anakunywa chai ya tangawizi na kungoja baridi imtoke. Tofauti ni rahisi kuijua. Aliyepigwa na baridi akipata nguo kavu na mahali pa joto hutulia baada ya saa moja au mbili, na kipimajoto hakionyeshi homa. Mwenye malaria ngozi yake inachoma huku mwenyewe akisema anaganda, kisha jasho linammwagika, na kichwa na viungo vinamuuma. Kipimo cha tone la damu hutoa jibu kwa muda wa robo saa au nusu saa. Ukipimwa ukakutwa nayo, maliza dozi yote ya siku tatu hata ukijisikia vyema siku ya pili.

Kinachosaidia, na glasi ile moja

Kipande cha katoni alichovaa kijana yule kilinichekesha, lakini sikumwambia akitupe. Hakizuii nimonia, kinazuia upepo, na hilo ni jambo jema peke yake. Waendesha baiskeli wa Ulaya wa zamani walikuwa wakiweka gazeti ndani ya shati kabla ya kuteremka milima. Karatasi huzuia upepo na kushika hewa yenye joto kati ya kurasa. Msomaji ukishamaliza ukurasa huu, unajua pa kuuweka.

Lakini jambo la msingi ni tabaka: vazi jembamba kavu mwilini, sweta juu yake, na la nje kabisa lisilopitisha upepo wala maji. Koti moja zito lililoloa ni mzigo tu. Glavu nunua kabla ya kununua redio ya pikipiki. Wenye haraka huvaa soksi mikononi na mfuko wa plastiki juu, na sioni ubaya mradi kidole kiweze kukamata breki. Shingo ifungwe kitambaa, ila ncha zake zichomekwe ndani ya koti. Nimeona kilichofanywa na ncha ya shuka iliyonaswa na gurudumu na sitaki kuieleza hapa. Weka shati kavu ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti.

Helmeti nayo ni sweta ya kichwa, mbali na kazi yake halisi. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa karibu asilimia 40, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Abiria wanaoikataa wakisema itawaambukiza mashilingi ya kichwa wavae kitambaa au kofia nyepesi ndani yake. Mashilingi hutibika.

Ile glasi ya kitu kikali, iwe chang'aa au ya chupa yenye lebo, hufanya kazi kinyume cha inavyodhaniwa. Pombe hufungua mishipa ya ngozi ambayo mwili uliibana kwa makusudi. Damu ya moto inakimbilia juu, unahisi joto usoni na kifuani, na wakati huo huo joto la ndani linamwagika nje kama maji ya debe lililotoboka. Pombe pia hupunguza kule kutetemeka ambako mwili hutumia kujipasha moto. Yale mengine ambayo pombe humfanyia dereva hayahitaji daktari kuyaeleza. Uji wa wimbi wa moto, wenye sukari, kabla ya kutoka nyumbani una faida zaidi, kwani mwili hauwezi kuwasha moto bila kuni.

Ukimwona mwenzako amefika kituoni ameloa, anatetemeka sana, mikono haifungui hata kifungo, mwondoe kwenye upepo, mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike hadi kichwani, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza vyema. Usimsugue mikono wala kuiingiza kwenye maji ya moto. Haina hisia na itababuka bila yeye kujua. Akianza kuzungumza kama mlevi, kupepesuka au kusinzia, na hasa akiacha kutetemeka ilhali bado ni baridi, joto la mwili wake limeshuka kupita kiasi. Hapo asipewe kitu mdomoni. Alazwe taratibu, afunikwe, apelekwe hospitali kwa gari.

Jiko chumbani

Naandika sehemu hii nikiwa na uzito moyoni, kwa kuwa kila msimu wa baridi husikika habari za watu walioingia kulala wazima wasiamke. Mwendeshaji anafika nyumbani saa nne za usiku ameloa. Chumba ni kimoja. Koti na suruali lazima vikauke kabla ya saa kumi alfajiri. Jiko la makaa lililopikia ugali bado lina moto. Anaingiza ndani, anatundika nguo juu yake, anafunga mlango na dirisha na kuziba mwanya wa chini kwa gunia ili baridi isiingie.

Makaa yanayowaka penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikerezi koo. Moshi ungemwamsha, hii haimwamshi. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania chembe nyekundu za damu mahali palepale ambapo oksijeni hukaa, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka, moyo unapiga, lakini ubongo unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, hivyo anayeamka akitaka kutoka huanguka kabla ya kuufikia mlango. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa na kichwa usiku mmoja jiko likiwa ndani, msianze kugawana tembe za maumivu. Fungueni mlango, tokeni nje wote, kisha nendeni hospitali wapewe oksijeni, hata yule anayesema amepata nafuu.

Kufungua dirisha nusu si dawa ya jiko linaloachwa usiku kucha. Jiko lipashe chumba watu wakiwa macho na mlango wazi, kisha litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu. Nguo zikamuliwe vizuri zitundikwe, na kama hazikukauka, basi ndiyo kazi ya lile shati la akiba. Mama mjamzito na mtoto huathirika upesi zaidi na gesi hii.

Radi

Msomaji wa Nairobi aniwie radhi, lakini siwezi kuandika juu ya kuendesha bila paa katika Kisii nisitaje radi. Mvuke wa Ziwa Victoria hupanda milimani kwetu na alasiri hugeuka ngurumo na mara nyingine mvua ya mawe. Kila anayetoka huku anajua nyumba au shule iliyowahi kupigwa.

Mwendeshaji akisikia ngurumo hukimbilia chini ya mti au mkaratusi mrefu wa kando ya barabara. Afadhali aloe. Mti mrefu ndio unaopigwa kwanza, kisha umeme huruka kutoka kwenye shina hadi kwa aliyeuegemea. Viatu vya mpira havikingi. Umeme uliopita maili nzima za hewa hausimamishwi na inchi moja ya mpira. Mwavuli mkubwa uliofungwa kwenye pikipiki haukingi pia. Hata lile gari la kifahari la paa la kukunja, kama paa lenyewe ni turubai, halikingi, kwa sababu kinachomlinda aliye ndani ya gari la kawaida ni bodi ya chuma inayomzunguka pande zote. Ingia duka, kanisa, shule au matatu iliyofungwa, na ukae huko dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguseni bila hofu. Wengi hufa kwa sababu moyo au pumzi imesimama na watu wamesimama mbali wakiogopa, au wakitafuta ni nani aliyewaroga. Kama hapumui, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike.

Abiria mdogo

Wapo abiria ambao hawawezi kusema wanaona baridi. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, hasa kupitia kichwa, na joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 tayari ni baridi iliyozidi. Mama anayetoka kujifungua akapanda pikipiki kurudi nyumbani amechoka, na mtoto amefungwa shali moja. Kama kuna nauli ya matatu, subirini matatu. Kama hakuna njia, mtoto awe ameguswa na ngozi ya kifua cha mama ndani ya nguo, kofia kichwani, soksi miguuni, na uso ugeuzwe upande ili pua isizibwe na shuka. Dereva aende polepole. Akikataa kwenda polepole, shukeni. Mkifika, gusa tumbo na nyayo za mtoto. Vikiwa baridi na anakataa kunyonya, rudini hospitali.

Nayo magoti? Hapa lugha yetu imetuponza. Maumivu ya viungo tumeyaita "baridi yabisi", na jina hilo limewaaminisha watu kwamba baridi huingia ndani ya mfupa na kukaa humo. Baridi huvifanya viungo vikaze na maumivu yaliyopo yasikike zaidi, lakini si chanzo cha ugonjwa huo. Kijana wetu wa Keroka anakaa saa kumi na mbili kwa siku magoti yamekunjwa, yakipigwa na upepo, kisha anayaamsha kwa kupiga teke kikanyagio cha kuwashia. Ayafunike kwa suruali ya pili au vikinga-goti, na ashuke anyoshe miguu kila baada ya safari mbili tatu. Kama goti limevimba, ni la moto, au asubuhi linachukua zaidi ya saa moja kukunjuka, aonwe na daktari. Kuhusu kifua, hakuniambia amekohoa kwa muda gani. Kama ni tangu Juni kama anavyoandika, basi zile wiki mbili zimekwisha kitambo, na aende kituo cha afya cha karibu wiki hii akapimwe makohozi, bila kupitia duka la dawa njiani.